Kupasha Ruksa, Kupiga Marufuku

Watu wakiniuliza niliishije Guangzhou miaka ile, huwajibu kwamba niliishi vizuri, nilisoma, nikamaliza, nikarudi. Habari ya ngoma siisemi. Nikianza kuisema sauti hunipanda, na watoto wangu huacha kula wakanikodolea macho. Basi leo naiandika, niitoe kifuani.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali, mwaka wa mwisho. Kaka yangu, tumbo moja na mimi, alikuwa mfanyabiashara. Alinunua jinzi na fulana kwenye majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu, akafunga marobota, akayapeleka bandarini Nansha kupakiwa kontena. Yeye ndiye aliyenitangulia kule, ndiye aliyenipokea, ndiye aliyeninunulia koti la kwanza la baridi. Nasema haya ili ieleweke kwamba simsemi mtu baki.

Sisi ni Wagogo wa Dodoma. Kwetu ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, mikono miwili inafanya kazi, na mwanamume anayejipendekeza karibu anatimuliwa. Bibi yetu alikuwa mpigaji wa kuitwa vijiji vya mbali, na mimi nilikaa kwenye ngoma kabla sijajua kusoma. Kaka alikuwa akisimama mlangoni analia apewe naye, bibi akamfukuza kwa ufagio. Nilimwonea huruma. Nikawa namfundisha nyuma ya zizi, juu ya ndoo iliyofunikwa kichwa chini. Chochote anachokijua kaka yangu kuhusu muheme alikipata kwenye ndoo ile, kwangu mimi mdogo wake.

Sasa nenda Guangzhou ukaone mambo. Watanzania wa kule, wafanyabiashara na wanafunzi, walikuwa na kikundi cha ngoma, na wanachama wake walikuwa wanaume peke yao. Ngoma alizileta kaka kwenye mizigo yake ya ndege, na mpigaji mkuu alikuwa yeye. Mazoezi yalikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, katika karakana moja ya ushonaji kwenye mitaa ya Kangle. Bosi wa pale, laoban kama tulivyomwita, alikuwa akimuuzia kaka suruali, basi akatuachia chumba cha juu. Wanawake tulicheza mbele yao, tukapika, tukafua kanga za maonyesho. Kwenye katiba yao waliandika kabisa kwamba uanachama ni kwa wanaume. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba ngoma inataka nguvu. Yaani mtu ametoka Moshi, hajawahi kuuona muheme mpaka alipofika China, ananieleza mimi kwamba muheme unataka nguvu za kiume. Na kaka amekaa pale pale, anajua ukweli wote, amepiga kimya.

Mwezi wa tatu na wa nne kule hewa hujaa maji. Kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo ukizianika zinabaki mbichi wiki nzima. Ngozi za ngoma zikalegea zikawa hazina sauti. Nyumbani ngoma ikilegea unawasha nyasi, unaizungusha juu ya moto, inakaza. Kangle huwezi kuwasha hata kibiriti, vipande vya nguo vimejaa mpaka kwenye ngazi. Basi wanaume wetu wenye nguvu wakachukua pasi kubwa ya mvuke ya laoban, wakaipiga ngoma pasi. Sitii chumvi. Watu wazima na ndevu zao wamesimama duara, wananyoosha ngozi kama shati la harusi. Mvuke ukailowanisha, joto likaiunguza, ikanywea upande mmoja, na chumba kizima kikanuka kwato. Ngoma ile haikulia tena.

Jumapili iliyofuata nikaja na draya yangu ya nywele. Nikawaonyesha. Unapitisha hewa ya moto pembeni kwanza, katikati baadaye, huna haraka, na kila baada ya muda unagonga kidogo usikilize. Bila kuigonga huwezi kujua ngozi imefika wapi. Walifurahi sana. Wakanipa kazi hiyo moja kwa moja, tena mwenyekiti akasema kupasha moto ni jambo la jikoni, kwa hiyo halivunji katiba. Kuanzia siku hiyo nikawa natangulia Kangle kabla yao wote, napasha ngoma moja baada ya nyingine, na kila nikigonga zaidi ya mara mbili katibu anakohoa. Ngoma ikishaamka wananipokonya, wanakaa, wanapiga. Ile ngozi ikiwa bado na joto la mikono yangu. Nilikuwa nawatazama nikiwa na uchungu mpaka meno yananiuma.

Aprili ile ilikuwa ya mwisho kwangu. Mitihani ilikuwa inakaribia na baada ya hapo ningerudi nyumbani. Sherehe ya Muungano ilikuwa inakuja, ukumbi umeshakodiwa, wageni wameshaalikwa, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: nikae kwenye ngoma mbele ya watu, kama bibi, mara moja kabla sijaondoka. Nilifuata utaratibu. Nikaandika barua kwa mwenyekiti, nikaomba uanachama ufunguliwe kwa yeyote anayeweza kupiga, mwanamke au mwanamume, na nikajitolea kupimwa mbele yao.

Wakaitisha kikao. Mmoja akasema mwanamke kubana ngoma mapajani mbele ya wageni ni aibu. Mwingine akasema wakiingia wanawake, na majungu yataingia, kana kwamba wao kwa wao walikuwa hawasengenyani kutwa kucha. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyesema tupimwe wote, anayejua apige. Kina mama waliopika chakula cha kikao kile hawakuwa na kura, kwa sababu hawakuwa wanachama. Katibu akanigeukia, akakunja midomo kama wauza duka wa Guangyuan Xilu wanapomkatalia mtu, akasema, "Meiyou." Hakuna. Wakacheka wakashikana mabega.

Mimi nilikuwa namwangalia kaka. Mwenyekiti akawaomba wanaokataa wanyooshe mikono. Kaka akatazama sakafu, akanyoosha.

Tulitoka pamoja mpaka kituo cha basi. Pale nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo hata leo sitayaandika. Nikamkumbusha ndoo, nikamkumbusha zizi, nikamuuliza ana damu ya aina gani. Alisubiri nimalize.

"Nyumbani mlinifukuza kwa ufagio," akasema. "Hapa ndipo mahali pekee nilipokaa kwenye ngoma bila kuchekwa. Ukikaa wewe, mimi nani atanisikiliza?"

Hasira zikazidi kunipanda. Nilijua anasema kweli kuhusu bibi. Bibi alikosea. Mtoto anayelilia ngoma apewe ngoma, awe wa kike, awe wa kiume. Lakini aliyemfukuza ni bibi, si mimi. Mimi ndiye niliyemfungulia. Sasa alikuwa ananilipizia mimi kosa la marehemu, na nilimwambia hivyo, na basi likaja tukapanda kila mtu kiti chake.

Kina mama waliposikia walinishauri nigome. Wakasema waache na ngoma zao zilizolala, tuone watazipiga pasi tena. Nilikubali. Niliapa kabisa. Siku ya Muungano ikafika, mvua inanyesha tangu alfajiri, nikajikuta niko nyuma ya ukumbi na draya mkononi. Msiniulize. Nilifikiria ngoma ya bibi yangu inalia kama boksi lililolowa mbele ya wageni, nikashindwa. Nilizipasha zote vizuri, nikazipanga, nikakaa nyuma ya pazia.

Walianza vizuri. Ila ukumbi ule ulikuwa umefunguliwa milango yote kwa ajili ya joto la watu, na unyevu ukaingia nao. Kwenye wimbo wa tatu ngoma kubwa ikaanza kulegea. Kaka akazidisha nguvu, na ngozi iliyolegea ukizidisha nguvu ndiyo inazidi kunyamaza. Wachezaji wakapotezana miguu. Kaka akatazama pazia.

Nikatoka. Soketi ilikuwa mbele kabisa ya jukwaa, nikachomeka draya, nikapiga magoti. Watu wakacheka, wakadhani ni kichekesho kilichopangwa. Nikapitisha pembeni, nikapitisha katikati, nikagonga. Bado. Nikapitisha tena, nikagonga, na sauti ikaja, ile sauti yenyewe, ikanipanda kutoka kwenye vidole mpaka shingoni. Kaka alikuwa ameinama karibu na sikio langu, jasho linamtiririka.

"Kaa wewe, mdogo wangu," akanong'ona. "Piga."

Akaanza kuinuka anipishe. Kitu nilichokiomba kwa barua, nikachekwa kwa ajili yake, kilikuwa hapo, hatua moja. Nikamtazama usoni. Kunikataa alinyoosha mkono mbele ya wote, na sasa ananipa kwa kunong'ona, kwa sababu amekwama. Kesho yake ingesemwa kwamba kaka alimpa dada yake apige kidogo. Hasira zikanifunga mwili mzima.

"Mimi si mwanachama," nikasema, na nilisema kwa sauti.

Nikachomoa draya yangu nikarudi nyuma ya pazia. Akakaa, akapiga, wakashangiliwa. Mimi nilisimama gizani napiga mapaja yangu kwa viganja, kila pigo, mpaka mwisho wa wimbo. Mpaka leo sijui kama nilijitendea haki au nilijinyima mwenyewe.

Nilirudi nyumbani mwezi wa saba. Mwaka uliofuata kaka akanipigia simu akiwa na furaha tele. Kikundi kimefungua uanachama kwa wote, akasema. Hoja ameipeleka yeye mwenyewe, amesimama kikaoni akaitetea, na binti mmoja mwanafunzi, mtu wa Iringa, ndiye sasa anayekaa kwenye ngoma kubwa. Kwamba na yeye bado anapiga, na hakuna aliyemcheka. Akasubiri nimpongeze.

Nikamuuliza nani anazipasha moto siku hizi.

"Tunapokezana tu," akasema. "Yeyote aliye karibu."

Nikakata simu. Nilikaa chini pale pale jikoni nikalia kwa hasira, maana kumbe lilikuwa jambo jepesi hivyo.