Dominika hutazama udongo kwanza, suke baadaye

Saa mbili asubuhi, baridi ya Mei bado imeng'ang'ania juu ya uwanda wa Ufipa. Dominika Sikazwe anapita katikati ya ulezi uliokauka, koti la mumewe mwilini na vipande vya kanga kuukuu mfukoni. Anayapita masuke makubwa kuliko yote shambani bila hata kuyageukia. Anasimama mbele ya mmea wa kimo cha kawaida, anainama, anakwangua udongo kwa kidole, kisha anaufunga mmea ule kitambaa.

Unamuuliza kwa nini ameyaacha yale makubwa. Anacheka, mwanya wa meno ya mbele ukionekana wote.

"Yale yameshiba tu," anasema. "Hili hapa halikupewa kitu na limezaa. Hili lina damu."

Dominika, mwenye umri wa miaka 52, ni mchagua mbegu. Kijijini kwake, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Sumbawanga mjini, kaya 14 zilikuwa zikipanda ulezi aliouchagua yeye. Ukichukua sado moja ya mbegu mwezi wa kumi na mbili, unamrudishia sado mbili za nafaka wakati wa mavuno. Kwa mwaka alikuwa akipata karibu magunia matatu, na ndiyo yaliyomsomesha binti yake Silvana, ambaye sasa ni mwalimu na anaishi Chanji, mjini Sumbawanga.

Kazi hiyo aliipokea kwa marehemu mama yake. Mama alimwambia achague suke kubwa. Mahali pa kusimama wakati wa kuchagua, hakumwambia.

Na hapo ndipo alipoteleza. Wafipa hufukia nyasi kwenye matuta ya duara, wenyewe huyaita intumba, kisha hupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata hubomoa matuta, husambaza ule udongo uliooza vizuri, kisha husia ulezi. Miaka minne iliyopita mvua iliwahi, Dominika akasambaza matuta yake harakaharaka. Shamba likatoka madoadoa: pale tuta lilipokaa ulezi ulifika kifuani, hatua mbili pembeni uliishia magotini.

Yeye akachagua mbegu zote kwenye madoa yale.

"Masuke yalikuwa kama ngumi za mwanamume," anakumbuka. "Nilijisifu, jamani. Nilipita nayo nyumba kwa nyumba."

Walioipanda mbegu ile walivuna ulezi wa kawaida, na wenye ardhi iliyochoka walivuna chini ya hapo. Mzee Leonidas, jirani wa mpakani, alisimama mbele ya jumuiya baada ya sala na kumuuliza, "Mama Silvana, mbona ulituonyesha ngumi, sisi tumevuna vidole vya mtoto?" Watu walicheka. Msimu uliofuata kaya tisa, ya Mzee Leonidas ikiwemo, hazikuja kuchukua mbegu, na gunia alilopata halikujaa.

"Nafaka niliivumilia," anasema. "Kilichoniuma ni jina. Mama yangu hakuwahi kuulizwa swali lile."

Jibu lilimjia akiwa Milepa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, alikokwenda kumtazama dada yake Cornelia aliyeolewa huko. Walikuwa wakichambua maharage uani, wakicheka.

"Tumezaliwa tumbo moja," anasema Dominika. "Jua la bonde limembabua mwenzangu, amekauka, ukituona barabarani huwezi kusema ni ndugu. Lakini akicheka, mwanya ni uleule! Nikajisemea, kumbe kuna kitu umezaliwa nacho na kuna kitu umepewa na mahali. Mimi nilichagua kile masuke yalichopewa na tuta."

Aliporudi alifanya jambo ambalo majirani waliliona la ajabu. Alichukua mimea 30 shambani, mingine kutoka palipokaa matuta, mingine kwenye ardhi ngumu, akapura kila mmoja peke yake na kuhifadhi mbegu kwenye makopo. Msimu uliofuata kila kopo lilipata mstari wake, yote kwenye kipande kimoja kibovu kisichowahi kuwekewa tuta. Nusu ya mbegu alimpelekea Cornelia.

Watoto wa mimea ya palipokaa matuta walitoka wa kawaida kabisa. Mimea minne ya ardhi ngumu ndiyo iliyozaa mistari iliyojaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kule Milepa ulezi uleule ulikuwa mfupi na uliwahi kukomaa, lakini suke lililojikunja huku lilijikunja na kule. Msimu huu amepanda mistari hiyo minne peke yake, na leo anachagua.

Ameshapanga mengine. Mwakani atawachukua akina mama wawili wa jumuiya awafundishe, ili kazi isije ikabaki kichwani mwa mtu mmoja kama ilivyobaki kwa mama yake.

Wakati tunazungumza, Mzee Leonidas anavuka mpaka na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Silvana."

Anatembea mstari mzima, anafika kwenye mmea uliofungwa kitambaa, analipima suke kwa kiganja. Kisha anachimba kwa ncha ya fimbo kando ya shina, akitafuta ule weusi wa nyasi zilizooza. Unatoka udongo mwekundu, mgumu. Anachimba na upande wa pili, ni uleule.

Mzee anatoa leso mfukoni, anaichana kwa meno, na kufunga kipande kwenye shina, juu ya kile cha Dominika.

"Mbegu hizi ni za kwangu," anasema. "Asije akachukua mwingine."

Anaondoka alivyokuja. Dominika anaushika mmea ule wenye vitambaa viwili. Machozi yanamlengalenga, lakini anacheka, na mwanya unaonekana wote.

"Waliondoka tisa," anasema. "Bado wanane."