Noti Niliyomtunza Mwimbaji

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Bendi ile ya roki, ya wanaume wenye nywele timtim na wanja mzito kuliko wa bibi harusi, niliipenda tangu niko shule Unguja, kwa kanda moja tu ya kaka yangu. Ziara yao ilipofika Birmingham, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nilitoka Saltley, mtaa wa huko huko nilikokuwa nimehamia, kwa mabasi mawili, na buibui langu, nikasimama mbele kabisa. Ukumbi ulikuwa mdogo, jukwaa linafika magotini.

Ulipopigwa wimbo wangu nilifanya kama tunavyofanya kwetu kwenye taarabu ya harusi. Nilipanda jukwaani taratibu, nikicheza kwa madaha, nikamtunza mwimbaji noti ya pauni kumi. Akaipokea, akaichomeka kiunoni kwenye suruali yake ya kubana. Kabla sijageuka, walinzi wawili walinidaka mikono wakanitoa nje kama mwizi wa kuku. Na wale waliokuwa wakimrushia vikombe vya bia? Hakuna aliyeguswa!

Nilipomsimulia mama, ambaye makelele yale hakuwahi kuyavumilia hata dakika moja, nilidhani atanicheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Noti alikurudishia?"

"Hapana."

"Basi huyo hakufunzwa na mamaye. Mtu umempokea tunzo yake, anaburutwa mbele ya macho yako, na wewe unaendelea kuimba?"