Nyumba Inayopika Yenyewe

Tulikuwa wanne, mimi mkubwa. Niliacha shule darasa la sita, mwaka mama alipomfuata baba kaburini. Ndugu walitaka kugawana wadogo zangu, nikakataa. Tukabaki kwenye nyumba yetu kule Singe, nje ya mji wa Babati, tukilima kashamba ketu ka mahindi.

Miaka ile sukari, sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, vilitoka duka la ushirika kwa daftari la balozi wa nyumba kumi. Kaya ambayo haikuandikwa ilirudi na kikapu kitupu. Yetu haikuandikwa. Balozi alisema nyumba ya watoto haina mkuu wa kaya, akatuhesabu ndani ya nyumba ya baba mdogo. Sukari yetu iliishia huko huko.

Nilipotimiza miaka kumi na minane nilichukua kadi ya Chama. Kwenye Chama nikawa mwanachama kamili. Kwenye daftari nikabaki mtoto wa baba mdogo.

Ukafika uchaguzi wa mabalozi. Jirani yetu mshonaji, tuliyezoea kumwita Mama Cherehani, alipeleka jina lake tawini. Likarudi limepitishwa, wengi wakashangaa. Siku mbili kabla ya kura Balozi alinikuta kisimani.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Umekua, hata kadi unayo. Jumapili ukisimama nyuma yangu, nitamwambia baba yako mdogo awape kilo nzima ya sukari."

"Mimi nataka tuandikwe peke yetu."

Akacheka. "Peke yenu! Basi hata mbuzi wangu watadai ukurasa wao." Akatazama ndoo yangu mpaka ikajaa. "Kura ni ya wazi, binti. Nitaona."

Jumapili, watu wa makanisa yote mawili walipotoka ibadani, tulikusanyika uwanjani kwa Balozi. Mama Cherehani alisema maneno machache tu: "Nitaandika kila nyumba inayopika yenyewe." Kisha katibu wa tawi akaagiza kila mwanachama asimame nyuma ya anayemtaka.

Baba mdogo alitangulia nyuma ya Balozi, akanipungia mkono nisogee. Balozi akishinda, kila mwezi mbele ya daftari lake angekumbuka nilisimama wapi, na wadogo zangu ndio wangelala bila uji. Nikabaki katikati.

Katibu akahesabu. Kwa Mama Cherehani, kumi na mmoja. Kwa Balozi, kumi na wawili, na wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu ambaye hakuna aliyemfahamu.

"Bibi, kadi yako?"

"Kadi ya nini? Mimi natoka Sigino. Nimeona mstari, nikasimama. Mnatoa sukari au sabuni?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, hata Balozi.

"Hapa tunachagua balozi, bibi."

"Basi chagueni upesi, tuuziwe."

Akatoka mstarini, akaketi pembeni na kikapu chake kusubiri. Kicheko kikakatika. Sasa walikuwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na watu wote walinigeukia.

"Huyo ni mtoto wangu," baba mdogo akasema. "Mhesabu huku."

"Ana kadi?" katibu akauliza.

Nikaitoa kwenye pindo la kanga. Akaisoma pande zote mbili, akanirudishia.

"Basi miguu ni yake."

Nikaenda kwa Mama Cherehani. Hatua zilikuwa kama saba hivi. Sikumtazama Balozi, lakini nilimsikia akivuta pumzi.

Jioni ile ile daftari likahamia kwenye meza ya cherehani. Mama Cherehani alifungua ukurasa mpya, akachovya kalamu.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi."

"Watu wangapi?"

"Wanne."

Mwezi ule sukari haikufika Babati. Nilipanga mstari tangu asubuhi, nikapata kipande kimoja cha sabuni. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu, watu wawili tu kati yetu. Muuzaji aliposoma jina langu kwa sauti, yeye alitazama chini.