Yule Anayehema

Siyo masikio. Masikio yangu mazima, panya akijikuna darini namsikia. Na siyo uzee, msinisingizie. Mimi sauti ya mtu nikiisikia mara moja naiweka hapa kooni, nikitaka naitoa. Bwana shamba wetu hapa Bungu nikimwiga, "Ufuta kwa mistari, jamani, kwa mistari!", mkewe anageuka. Ndiyo maana siku ile nilijiamini.

Mwanangu wa mwisho alikuwa Dar, anapuliza klarineti. Ni zumari la Kizungu, jeusi, lina vidude vya kung'aa. Wenyewe watano, kila mtu na cha kwake cha kupuliza, hawana ngoma, wanasoma karatasi. Nikamtania, "Sasa harusi hiyo bi harusi yuko wapi?"

"Mama, watu wanakaa, wanasikiliza tu."

"Kumbe matanga!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Basi wakatakiwa wapeleke wimbo wa kurekodi kwenye mashindano huko nje. Nafasi ya klarineti ni moja, wapulizaji wawili, yeye na mwenzie. Wakarekodi wimbo uleule mara mbili, kila mmoja na mara yake. Atakayechaguliwa anabaki, mwingine anatoka. Wakabishana wiki nzima. Mwanangu akawaambia, tumpelekee mama, hajasoma, lakini amelala na mpiga zumari miaka yote, anajua. Kwangu akasema, "Sikuambii mimi ni yupi, mama. Sikiliza tu."

Alijua nitamjua. Na mimi nilijua hivyo hivyo.

Nikakaa uani, simu nikaitia kwenye sufuria tupu ili ipaze sauti. Ya kwanza tamu, lakini kila kipande mtu anavuta pumzi, hhh, ndiyo wenzie wanaingia. Ya pili inakwenda kama mto, husikii pumzi hata moja.

Sasa nyie mnajua kwetu. Marehemu baba yake, kule Maparoni, alipuliza tangu bwana harusi hajafika mpaka ameshakula pilau, mashavu yamevimba kama samaki bunju, hewa inaingia puani huku nyingine inatoka mdomoni. Zumari halikatiki. Mpigaji akisikika anahema, wanawake wanamzomea, "Mpeni maji huyo!" Nikasema moyoni, huyu wa pili ndiye wangu. Damu ya baba yake hii.

Wakapiga simu, wako wote, wameweka spika. Kiongozi wao ana sauti ya mtu aliyemeza kijiko. "Shikamoo mama. Tunaomba uamuzi."

"Marahaba. Ya pili, wanangu, ya pili! Huyo wa kwanza nani? Hhh! Hhh! Kama mbuzi kabebeshwa gunia la mpunga. Mpeni maji huyo!"

Wakacheka. Nikahema tena, wakacheka tena. Kicheko kimoja sikukisikia, na hicho ndicho nilichokizaa.

Siku hizi yuko Kibiti, anauza dawa za mikorosho. Siku moja, akipanga mifuko, hata hakunitazama, akaniambia kwamba kwao ile pumzi ndiyo inayowaita wenzie waingie pamoja. Anayehema ndiye anayewaongoza.

Lakini siku ile sikulijua hilo. Niliita tu, "Mwanangu, upo?" Akasema yule wa kijiko, taratibu, wala hakusema na mimi:

"Basi dada, umesikia. Hata mama yako amekukataa."