Tanuri la Mama Mdogo

Biashara huria ilileta mabati madukani, na mabati yakaleta matofali ya kuchoma. Ndivyo nilivyoikuta Ulaya, kata yetu iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi, niliporudi likizo kutoka chuo kikuu. Hakuna aliyetaka tena kuweka bati jipya juu ya ukuta wa miti na udongo. Kila aliyejenga alichoma tanuri, na tanuri moja lilikula magogo ya lori zima. Msitu wa nyuma ya shule ulikuwa umekwisha, na wakata magogo walikuwa wanasogea upande wa hifadhi.

Wakati huohuo mashine za kukoboa mpunga zilikuwa zimezuka kila mahali. Pumba zilirundikwa kandokando ya barabara, zikaungua polepole wiki hadi wiki bila kumfaa mtu. Halmashauri ya wilaya ikaja na wazo: lori lake la mchanga, lililokuwa likirudi tupu, libebe pumba bure hadi kwenye matanuri. Moto ambao ungewaka vyovyote vile uchome matofali, na miti ibaki imesimama.

Chuoni tulifundishwa hewa ukaa, ile ya moshi inayoipasha dunia joto, kana kwamba ni jambo la nchi zenye viwanda. Sikutegemea kuisikia kwenye mkutano wa kata, tena ikielezwa na diwani kwa mfano wa nyumba zetu wenyewe. Nilivutiwa. Lakini tanuri la kwanza la majaribio lilikuwa la mama yangu mdogo, na hapo nikaacha kuvutiwa.

Alikuwa mjane. Ukuta mmoja wa nyumba yake ulikuwa umeanguka, na mahali pake pakatundikwa turubai. Kiangazi chote alifyatua matofali na wanawe. Yasipoiva, mvua zingemkuta nyuma ya turubai lile, bila muda wa kufyatua mengine.

Nikasimama palepale mkutanoni, nikamkabili diwani. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Sema."

"Matofali ya mama mdogo yakiharibika, halmashauri itampa mengine?"

Watu wakacheka. "Msomi huyo!" mmoja akadakia. "Jengo bado, yeye keshalibomoa!"

Diwani hakucheka. Alimgeukia afisa ujenzi aliyekuja naye kutoka Kilosa. Yule afisa akajikuna shingo. "Hilo hatukuliweka kwenye mpango," akasema.

"Basi binti kauliza vizuri," diwani akasema. "Mimi ninayo matofali yangu, yameshachomwa, mnayaona mkipita. Ya huyu mama yasipoiva, atachukua yangu."

"Mheshimiwa, umemwuliza mkeo?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Mkewe alikuwa amekaa kati ya akina mama. "Hajaniuliza," akajibu. "Lakini keshasema. Mpeni kiti apumzike."

Ahadi za mkutanoni nilikuwa nimezisikia nyingi. Nilikwenda kwa diwani kuhakikisha. Matofali yalikuwepo kweli, yamepangwa kando ya nyumba aliyokuwa akiijenga, ambayo kuta zake zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Lori likamwaga pumba. Fundi wa tanuri akazipanga katikati ya matofali na kuyazungushia nyingine nje, akawasha. Yeye alizoea kuona ndimi za moto zikitoka mdomoni mwa tanuri; moto wa pumba ulitambaa ndani kwa ndani, moshi mwembamba tu ukionekana.

"Mama, moto gani huu wa kujificha?" akalalamika. "Niongeze magogo mawili matatu, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," mama mdogo akasema. "Nilikubali pumba. Acha tuone pumba zinafanya nini."

Tanuri lilipopoa tukalifungua. Matofali ya katikati yalikuwa mekundu, ukigonganisha mawili yanalia kama chuma. Upande unaopigwa na upepo ulikuwa balaa. Matofali ya huko yalimeguka mikononi kama mkate mkavu, ya kutosha ukuta mzima. Mama mdogo akachuchumaa, akaanza kutenga mazima na mabovu.

Diwani alifika kesho yake akisukuma mkokoteni uliojaa matofali yao, mkewe nyuma.

"Acha, mheshimiwa," mama mdogo akamwambia. "Nitapunguza chumba kimoja."

"Usipunguze, mama. Nilisema mbele za watu."

Afisa ujenzi naye alirudi, akachunguza upande ulioharibika. Upepo ulikuwa umeufanya moto upite haraka mno. Akaagiza matanuri yanayofuata yakandikwe udongo mzito na kuwekewa kinga ya upepo, na hakujaribu kumlaumu fundi. Msimu uliofuata wengi walichoma kwa pumba, ingawa wengine walibaki na magogo yao. Ni moshi kiasi gani uliopungua siwezi kusema. Hakuna aliyepima, nami nisingeamini namba ya kubahatisha.

Mvua za mwaka uleule wa jaribio zilimkuta mama mdogo chini ya bati, kuta nne zimesimama. Kuta za diwani zilibaki palepale madirishani, na kwenye vilabu vya pombe wakamwita diwani asiye na paa.

Siku ya kurudi chuoni nilipita kwa diwani. Yeye na mkewe walikuwa wanafunika vichwa vya kuta kwa mabati chakavu, mvua isizile.

"Shikamooni."

"Marahaba," diwani akaitikia. "Shika upande ule, binti, upepo unatuzidi."

Nikaweka begi chini, nikashika. Basi la Mikumi nililokuwa nilipande likapita likipiga honi. Nikaliacha liende.