Siku Tulipoanza Kuelezana Tulivyokataliwa

Kabla ya kuingia kazi ya kutafuta misaada nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Labda ndiyo sababu shirika letu hapa Bukavu liliponipa kazi ya kuongoza kikundi cha wachangishaji, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua ubao.

Tulikuwa wanne. Tulizunguka parokia, masoko na maduka tukiwaomba watu watusaidie kuzisaidia familia zilizopoteza nyumba kwenye maporomoko ya ardhi, au zilizokimbia vita na kufika mjini bila kitu. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na hakuna aliyejua njia ya mwenzake. Nikapanga kila Ijumaa asubuhi tukae saa moja tufundishane.

Majuma ya kwanza tulisifiana tu. Mmoja wetu, mzee, au papa kama tusemavyo hapa, aliyekuwa mtangazaji wa redio, alitusimulia jinsi waumini wa parokia moja ya Bagira walivyosimama wote kumpigia makofi. Nilimuuliza, "Uliwaambia nini hasa?" Akacheka. "Maman, ile ni karama. Haifundishwake." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyetaja jina la mfanyabiashara hata mmoja, wala namba ya simu. Sikuwalaumu. Mikataba yetu ilikuwa mifupi, na mwenye wafadhili wake mkononi ana sababu ya kubakizwa. Mimi mwenyewe wangu niliwaandika kwenye daftari dogo ambalo halikutoka kwenye mkoba.

Ijumaa moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara ikawa matope, na wawili hawakufika. Tulibaki mimi na dada mmoja mzaliwa wa Mwenga, mpole, ambaye mikutanoni alikuwa hasemi kitu. Alikuwa amehamia kwetu kutoka kikosi cha wagawaji, wale wanaopeleka misaada kwa familia. Nilimwambia tunaweza kuahirisha.

"Hapana, maman," akasema. "Miye niko na jambo, lakini haiko ya kusifu. Niko na kukataliwa tu."

Akanieleza. Katika soko la Kadutu kuna mama anayeuza vitenge. Mara tatu alikwenda kwake. Mara ya kwanza yule mama alimwambia hana nafasi. Mara ya pili alimgeuzia mgongo. Mara ya tatu, alipoiona tu jile, kile kizibao cha shirika, alichukua shuka akafunika meza nzima, kitenge hata kimoja kisionekane. Wauzaji wa jirani walicheka.

"Aliniambia, 'Nyiye munajuaka njia ya hapa siku ya kuomba tu.' Nikarudi nyumbani nikalia. Nimeandika barua ya kuacha kazi," akagonga mkoba wake, "iko hapa mu sakoshi. Ile papa anapigiwa makofi, miye banafunika meza. Siyo kazi yangu."

Yule mama nilimjua. Mwaka uliotangulia, baada ya mlima kuangukia nyumba za watu, mimi ndiye niliyekwenda kwake wa kwanza. Alitoa bunda zima la vitenge bila kuuliza, na sufuria zake mwenyewe juu yake. Nilimshika mikono nikamwahidi kwamba nitarudi kumpa habari. Sikurudi. Mwanzoni ilikuwa shughuli, baadaye ikawa aibu, na aibu ikiota mizizi unaanza kupita barabara nyingine.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia yote.

Aliponitazama, macho yake yalikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Kumbe siyo miye. Miezi yote hii najiona mujinga, na daftari yako ilikuwa inajua."

"Ndiyo," nikasema. "Nisamehe."

Alichukua mkoba wake akatoka. Lakini Jumatatu tulipanda Kadutu pamoja, bila jile.

Yule mama alituona tangu mbali. Aliendelea kumpimia mteja kitambaa, akakikunja, akapokea pesa yake, akamuaga. Hakutupa kiti. Niliomba msamaha nikiwa nimesimama, watu wakinipita huku na huku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Bitenge yangu ilienda wapi?"

Sikujua. Nilijua idadi ya familia iliyoandikwa kwenye ripoti, basi.

Dada wa Mwenga ndiye aliyejibu. "Ile ya majani ya kijani na ndege, maman? Ilienda kule mutaa ya Kasha. Nilipeana na mikono yangu, ile mwaka tulipata bunda moja tu ya bitenge. Kulikuwa mama moja, nyumba yake ilianguka, siku ya tatu akazaa. Mutoto hakukuwa na nguo. Alimufunga mu kile kitenge, na ni mu kile walimubatizia."

Yule mama aliacha mkasi. "Mutoto iko muzima?"

"Muzima kabisa. Anatembea."

Alivuta viti viwili kutoka kwa jirani. Tulikaa hadi jua likawa kali, yeye akiuliza kuhusu kila rangi, dada akijibu anachokijua, na pale asipojua akisema hajui. Hatukuomba kitu. Tulipoinuka nilimwomba aje kwetu Ijumaa atueleze aombwaye anajisikia namna gani.

Alikuja amevaa vizuri kama anakwenda misa. Alitaka tumwombe mmoja mmoja, naye atujibu kama sokoni. Papa wa redio alianza na sauti yake ile. Mama akamkatiza. "Papa, sauti iko muzuri, lakini unanisomea habari. Unijue kwanza." Alimkataa mara tatu, tukacheka, na papa mwenyewe akacheka huku akifuta jasho.

Ijumaa iliyofuata yule papa alitusimulia, kwa sauti ya chini, kuhusu duka moja ambako hathubutu kurudi. Nilitoa daftari langu nikaliweka katikati ya meza. Baada ya muda na wenzangu wakaleta majina yao, si yote, lakini wakaleta.

Mwaka ule yule mama wa vitenge hakutoa kitu, na hatukumdai. Barua ya kuacha kazi sikuiona, wala sikuiulizia. Sasa Ijumaa zinaongozwa na dada wa Mwenga, mimi nasikiliza. Ameweka sharti kwamba hakuna mgeni kazini atakayekwenda kuomba kabla hajapeleka misaada. Juma lililopita alimchukua mfanyakazi mpya hadi kijiji cha Miti, wakashusha magunia ya maharage tangu asubuhi. Aliporudi, yule mpya alilalamika kuhusu mgongo, kisha akaanza kutueleza nani alipokea nini.