Maji ya Kwa Binti

Mzee Risal hakunywa maji kwa binti yake. Kwetu kijijini Kalsera hilo halimshangazi mtu. Ukishamwoza binti umemtoa, na alichotoa mtu harudi tena kukilamba. Baba mwenye haya hatii kinywani kitu cha kule alikoolewa binti yake, si chapati, si chai, si hata maji ya kisima cha kijiji kile. Baba yangu mwenyewe alikuja kunitazama nilipojifungua mtoto wa kwanza, kibuyu chake begani, na kilipokauka akaaga akaenda zake na kiu. Nililia kidogo, halafu nikaona fahari. Ndivyo tulivyolelewa.

Lakini zamani mabinti waliolewa mbali. Kamlesh, binti wa Risal, aliolewa Rithali, na kwenda Rithali ilikuwa safari ya mkokoteni, unakatiza mashamba ya ngano na ya miwa mpaka unafika jua limeshapanda. Siku hizi ukisimama juu ya paa la Risal unaliona tangi la buluu la nyumba ya Kamlesh. Mji umefura kama unga uliozidishwa hamira. Umemeza mashamba, umetumeza sisi, umewameza wao, na sasa Kalsera na Rithali ni mtaa huu na mtaa ule, lori moja la taka linapita kote.

Mimi naitwa Bhateri. Ukuta wangu na wa Risal ni mmoja. Kiukoo yeye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, kwa hiyo mbele yake nafunika uso na wala simsemeshi. Nikiwa na neno lake humwambia nyati wangu wa kufugwa, wa maziwa, kwa sauti, na Risal husikia ng'ambo ya ukuta. Tumeishi hivyo tangu niletwe hapa bibi harusi. Hatujagombana hata siku moja, ingawa yule nyati amesikia mengi.

Haya, tuje kwenye aibu yenyewe. Risal ndiye aliyeanza kuuza shamba. Walikuja watu wakitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kutia nyuzi rangi, akawapa lile shamba la bondeni kando ya mfereji. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza. Wazee walikaa uani kwake wakipokezana buruma, kiko kile cha maji cha kuvutia tumbaku, na alilofanya yeye lilifanywa na wote. Tukauza. Msinitazame hivyo, na sisi tuliuza. Tukapandisha ghorofa, tukapangisha vyumba kwa wafanyakazi waliotoka majimbo ya mbali, vijana wakanunua pikipiki, wanawake tukaacha kukata majani tukaota vitambi. Viwanda vikazaana kama panya.

Halafu maji yakabadilika. Kwanza harufu, kisha rangi. Ukipiga bomba la uani, leo yanatoka ya waridi, juma lijalo ya kijani, inategemea wanatia rangi nyuzi za blanketi gani. Nyati wangu aliyanusa akageuza kichwa. Nyati, jamani, mnyama anayelala kwenye tope kwa raha zake.

Hakuna aliyemlaumu Risal usoni. Tungemlaumu kwa mdomo upi, na mdomo umeshakula? Lakini yeye mwenyewe alianza kutembea akitazama chini. Mtoto wa mtu akitoka vipele, anajua. Mwanamke akipita na ndoo kichwani, anajua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Risal alikuwa kisimani mpaka shingoni.

Tukawa tunateka maji Rithali. Mume wa Kamlesh alikuwa amechimba kisima kirefu cha mashine, upande wa juu ambako uchafu wa viwanda haujafika, na mbele ya geti lake kuna bomba la watu wote. Kalsera nzima inapanga foleni pale asubuhi. Risal peke yake ndiye hakwenda. Alikuwa akisema, "Nendeni nyinyi. Mimi kule ni kwa binti." Na watu walimheshimu kwa hilo. Kilemba chake cha heshima kilikuwa kimebakiwa na mkunjo mmoja tu, nao ndio huo.

Mwanawe Jaibir akamletea maji ya madumu. Kila asubuhi bajaji ya mizigo inasimama mlangoni, dumu kubwa linashushwa, na Jaibir anamwambia baba yake kuwa ni ya dukani. Mzee akawa anakunywa, anapikiwa, anatiliwa kwenye buruma. Miaka miwili ikapita hivyo.

Mwezi wa joto uliopita, wazee walikuwa wamekaa uani kama kawaida, nami niko ng'ambo ya ukuta nabandika vibonge vya samadi vikauke viwe kuni. Wakamzungumzia Mange, mzee mwenzao, naye Mange yupo hapohapo. Mange alikuwa ametibiwa macho mjini, akalala nyumbani kwa binti yake mpaka kitambaa kikafunguliwa, na muda wote huo alikula na kunywa pale. Risal angenyamaza yangepita. Lakini mtu aliyenyang'anywa heshima kumi huishika ile moja iliyobaki kwa meno. Akamwambia mwenzake mbele ya watu kuwa siku hizi mtu anauza hata haya yake, na kwamba yeye angekubali apofuke kuliko kula cha binti.

Mange akavuta buruma taratibu. Hakuwa na haraka.

"Risal," akasema, "hilo dumu lako unadhani linajazwa wapi?"

"Dukani."

"Bajaji ni ya mkweo. Maji ni ya kisima cha Kamlesh. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa wewe."

Nilisimama na samadi mkononi, nikaona uso unaniwaka kana kwamba mimi ndiye niliyetajwa. Maana ni kweli, tulijua. Baraza zima lilijua, na kila asubuhi tulimwangalia mzee wa watu akinywa, tukauma midomo.

Jaibir alipoulizwa alikiri. Ni Kamlesh aliyepanga yote. Alisikia baba yake anaharisha kila mara, akaanza kuleta madumu, lakini kwanza anabandua karatasi yenye jina la Rithali, ile ya madumu ya mumewe ya kuuza, ili mzee asijue. Risal hakumkaripia mwanawe. Alikwenda pembeni ya banda akajitia kidole kooni, atapike maji ya miaka miwili. Kisha akaamuru madumu yote yatolewe nje ya nyumba, akapiga bomba la uani, akajaza gilasi yake ya shaba, akanywa. Juma lile yalikuwa yanatoka ya waridi.

Akaendelea kuyanywa. Tumbo likamshika, macho yakaingia ndani, Jaibir akalia mbele yake kama mtoto na haikusaidia. Asubuhi moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia nyati wangu, kwa sauti ya kufika ng'ambo, kuwa yeye mnyama ana akili kushinda watu fulani, maana maji haya aliyakataa siku ya kwanza.

Halafu sauti ya Risal ikaja, dhaifu, naye akiongea na nyati. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

"Mwambie mwenye nyati," akasema, "maji haya niliyatia rangi mimi. Aniache niyanywe."

Nilikaa chini palepale kwenye samadi. Hasira yote iliniisha, ikabaki aibu tupu.

Nadhani Jaibir ndiye aliyempelekea dada yake habari. Kamlesh akaja siku ileile jua la utosi, kwa miguu, bila peremende mkononi, na binti haji kwao mikono mitupu. Nilivuta ushungi nikaingia uani kwa Risal, maana mambo mengine huwezi kuyasikiliza ukutani. Kamlesh akaketi kwenye kitanda cha kamba, jasho linamtiririka, akangoja.

Binti akija kwao, kwanza ni maji. Kabla ya hujambo, kabla ya habari za watoto, gilasi ya maji. Hata maskini wa mwisho hutoa hiyo. Mzee akamtazama Jaibir, Jaibir akatazama miguu yake. Nyumba nzima haikuwa na tone jingine, mwenyewe alishaamuru. Na mimi je? Kwangu kulikuwa na mtungi umejaa, lakini ni wa kutoka Rithali vilevile. Kalsera nzima haikuwa na maji ya Kalsera ya kumpa mtoto wa Kalsera.

"Baba, nimefika nyumbani," Kamlesh akasema. "Nina kiu."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Mama alipokuwa hai sikungojeshwa."

Akainuka. Akaichukua ile gilasi ya shaba, akaenda bombani, akapiga. Yakatoka yale ya waridi, na povu juu. Alipoinua gilasi mdomoni, Risal alimrukia. Sikujua kama bado ana nguvu hizo. Akaipiga gilasi kwa kiganja, ikaruka ikabingirika mpaka miguuni kwangu, maji yakamwagikia shuka jeupe alilojifunga mzee.

"Hayo si ya kunywa," akasema.

"Wewe mbona unakunywa?"

Mzee akakaa chini kwenye lile tope la waridi. "Binti yangu amekuja kwao," akasema, si kwetu, labda kwa mkewe marehemu, "na sina maji ya kumpa."

Kamlesh hakumbembeleza. Huyo ni mtoto wa baba yake. Alimwambia kuwa kila dumu alilolijaza alilijaza kwa aibu, anabandua karatasi kama mwizi, anamdanganya mtu aliyemzaa, na kwamba mumewe alishamuuliza kama baba yake ni mtu au ni sanamu. Aibu ilikuwa imemtosha. Kisha akamwambia kaka yake, "Jaibir, lete dumu."

Likaletwa kutoka Rithali kwa pikipiki. Jaibir akaiosha gilasi, akaijaza, akampa baba yake. Mzee akaishika muda mrefu. Sote tulidhani anajilazimisha kuinywa. Hakuinywa. Aliinuka kwa shida, akamsogelea Kamlesh, akampa kwa mikono miwili, kama baba anavyompa binti aliyefika kutoka mbali.

"Kunywa, mwanangu. Umetembea na jua."

Kamlesh akanywa maji yake mwenyewe kwa baba yake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Yaliyobaki kitakoni mwa gilasi, mzee akayamaliza yeye, amegeukia ukuta.

Risal hangoji tena bajaji. Anakwenda mwenyewe Rithali na dumu lake, anapanga foleni mbele ya geti la mkwewe, na kitambaa cha kilemba amekishusha mpaka kidevuni kama bibi harusi. Mimi nimejifunika kwa ajili yake, yeye amejifunika kwa ajili yetu sote. Bado simsemeshi. Huliambia tu dumu langu, kwa sauti, lisogee limpishe mzee. Hajakubali hata siku moja kupita mbele.